Kilomita Zimegoma

Saa ya kilomita iligoma kwenye mteremko wa Nyangezi,
laki tatu na themanini na saba elfu, mia nne na kumi na mbili,
na tangu siku ile Prado langu halina umri,
kama nyanya yangu, aliyezaliwa, wanasema,
"mwaka ule mihogo iliungua."
Nahesabu kwa oili. Nahesabu kwa matairi,
kwa makatoni ya dawa niliyoyafikisha Walungu
mvua ikiwa imeshakula nusu ya barabara.

Leo Murhula, fundi wangu, ametoka chini ya gari,
akajipangusa mikono kwa kitenge kilichowahi kuwa changu.
"Mama Nsimire, giaboksi inalia.
Shokapu nne zimekufa. Mbili zilikufa zamani, hazikusema.
Mimi nalisha watoto kwa gari hili.
Kwa hiyo unisikilize nikikuambia: liuze."

Mtu akikushauri dhidi ya tumbo lake
inabidi utafute kiti.

Nikaenda Nguba, kwa Zihalirwa mwenye magari mapya.
Jipya, kwake, maana yake kuna Mjapani amelichoka.
Dola elfu kumi na moja na mia tano,
viti bado vimevaa nailoni.
Nikaliendesha hadi Essence na kurudi.
Ndani kimya, kama benki.
Sikusikia jiwe hata moja. Bukavu, bila mawe!
Nikajiuliza nani ataniambia daraja limelegea,
maana lile kuukuu hunitangazia kwa mlango wa nyuma,
ubao kwa ubao.
Hili lilipiga kelele nilipokaribia ukuta,
likapiga kelele nilipofungua mkanda,
likapiga kelele tena, mbele ya kuku.

Usiku, nyuma ya katoni ya paracetamol, hesabu.
Zamu yangu ya likirimba: mwezi wa tisa, elfu tatu.
Ada ya Cibalonza, mwaka wa pili.
Mafuta: kuukuu linakunywa kama mkwe
kwenye harusi asiyoichangia.
Nikafuta. Nikaandika tena. Jibu lilibaki lilelile,
nikaigeuza katoni uso chini.

Jumamosi akaja kijana wa Kavumu, jina lake Bisimwa,
pesa ndani ya soksi, anatafuta gari la kubebea matofali.
Akapiga teke tairi, kama wanavyofanya wote.
Nami nikaanza kumweleza, ndivyo nilivyolelewa:
mlango wa kushoto nyuma unafunguka kutoka ndani, kwa kamba.
Asubuhi litawaka mara ya tatu, usilitukane mara ya pili.
Breki ya mkono ni jiwe, liko chini ya kiti,
jiwe linakwenda na gari.
Na kwenye mlima mrefu, mshale ukipanda,
fungua hita, hata kama jua linachoma,
joto litoke kwenye injini likuingie wewe.
Mgawane. Mkifika juu mtapoa wote wawili.

Kijana akalitazama jiwe. Akanitazama mimi.
"Mama, unauza au unaoza?"

Nilicheka mpaka Murhula akatoka garajini.
Kisha sikucheka, kwa sababu neno lile lina upande wa pili,
na kutu ya chini ya milango niliijua.

Akatoa elfu tatu na mia mbili.
Nikamwambia Jumatatu.

Ni Jumatatu. Nimepita Nyantende,
makatoni arobaini nyuma, kamba, jiwe,
mkunga mmoja niliyemchukua njiani
anajipepea kwa daftari la chanjo, ananishangaa:
madirisha wazi, hita wazi, jasho hadi kiunoni.
Mshale umesimama. Hauteremki, haupandi.
Ndani ya mkoba, simu inalia, inanyamaza, inalia.
"Huipokei?" ananiuliza.

Mikono yangu yote miwili iko kwenye usukani.
Tukifika juu, namwambia.
Tukifika juu.