Dakika Kumi na Moja

Kutaisi, Februari, jikoni, orofa ya nne.
Nilishika mlingoti wa kinasa sauti
hadi mabega yakafa ganzi.

Nestani hakutaka machozi.
"Kamera ibaki kwenye birika," alisema,
"wao waache ukingoni."
Basi tukaona kiwiko cha Badri tu,
na kivuli cha dada yake kikipita juu ya vigae.

— Umekula?
— Nilikula kwenye treni.
— Treni ya saa ngapi?

Hayo tu. Mama yao kazikwa jana
na hakuna aliyemtaja.

Kisha lenzi ikaanza kusogea,
kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa,
ikapita sukari, ikapita dawa ambazo hazikuisha,
ikatua kwenye vikombe. Vitatu.
Mikono ya Lamara ilikuwa imevipanga kwa mazoea.

Mvuke ukaziba kioo. Nikangoja neno "kata".
Halikuja.
Badri, nje ya muswada,
akakirudisha kimoja kabatini,
polepole, ili kisilie.

Kikalia.

Usiku nikausikiliza ule mkanda peke yangu:
udongo ukigusa ubao,
halafu pumzi moja.
Ya nani, sijui. Mlingoti nilikuwa nao mimi.