Pigo la Mia na Arobaini na Mbili

Duluth, Septemba. Baridi ya ziwa inapanda ngazi
na kukaa nami kibandani bila kukaribishwa.
Kazi yangu ni kalamu: dola hamsini kwa mchezo,
soseji moja ya bure, na lawama zote.

Chini, kwenye almasi ya vumbi, Tschida anarusha.
Miaka thelathini na minane, bega lililoshonwa mara mbili,
msimu wake wa mwisho, usiku wake wa mwisho,
na hadi duru ya tisa hakuna aliyempata hata kwa pigo moja safi.
Hakuna anayelitaja. Kwenye benchi wamemhama
kama mtu mwenye tetekuwanga.
Wawili wameshatolewa. Amebaki mmoja.

Na huyo mmoja ni Eligio Reynoso, wa Baní,
aliyeingia uwanjani na mapigo mia na arobaini na moja
katika majaribio mia nne na sabini.
Gawanya mwenyewe: nukta tatu kamili, haina mkia.
Kocha alimwambia, "Kaa leo. Ulichonacho kimo kibindoni."
Akajibu kwa kufunga kamba za viatu.
Sasa ametoka patupu mara tatu,
na ile tatu yake imechujuka.
Kuna kifungu katika mkataba, nilikuja kukisikia baadaye:
elfu kumi, au bila.

Mpira wa pili. Gongo linalia, tena si kwa utamu,
linalia kama kiti kilichokaliwa na mtu mzito.
Mpira unajikokota kumwelekea Penkala, kijana wa miaka kumi na tisa,
naye anainama vizuri, glavu chini, kama alivyofundishwa,
na mpira unaruka.
Unamgonga kifundo cha mkono, unakwenda zake.
Reynoso anapita kituo cha kwanza, na macho yake
yako juu, kwenye dirisha langu.

Kosa, na Tschida anabaki na usiku wake.
Pigo, na Reynoso anaupata mwaka wake.
Watu elfu mbili na ushei wamegeuza shingo.
Sikuzoea kutazamwa. Nilifundisha hesabu
darasa la saba, miaka thelathini na mmoja,
na hata huko walikuwa wakitazama nje.

Niliona changarawe. Naapa niliona changarawe.
Nikaandika: pigo.

Walinizomea mpaka kioo kikatetemeka.
Tschida hakuinua kichwa. Alifuta mkono kwenye suruali,
akamtoa aliyefuata kwa mipira mitatu,
akaondoka kama fundi aliyemaliza ukuta wa mtu mwingine.

Nilipiga hesabu kwenye pakiti ya karanga:
mia na arobaini na mbili kwa mia nne sabini na nne.
Nukta mbili, tisa, tisa, tano, saba.
Na hapo ndipo tano, huyo mnyonge wa mwisho wa foleni,
anapomsukuma tisa; tisa anajaa, anabaki sifuri,
anamsukuma tisa mwenzake, naye anabaki sifuri,
mpaka mbili anajikuta tatu bila kutoka jasho.
Alikuja na tatu ya haki, akaondoka na tatu ya kusukumwa,
na benki haijui tofauti.

Taa zilipozimwa nilishuka na tochi.
Nilipiga magoti pale Penkala alipoinama,
nikapapasa udongo kama mtu aliyeangusha pete.
Watunza uwanja walikuwa wameshapitisha reki;
mistari imenyooka, safi kama daftari jipya.
Changarawe zilikuwepo, ndiyo. Tatu, nne.
Nikachagua moja.

Kwenye maegesho nilimkuta Tschida, barafu begani,
ameegemea gari lenye mlango wa rangi nyingine.
"Uliruka?"
"Uliruka," nikasema.
Akautazama mkono wangu uliofumbata kitu mfukoni,
akangoja kidogo,
akaingia garini.