Seli ya Kumi na Tisa

Siku ya kwanza nililiwasha mbele ya nyumba, Kadutu,
majirani wakasema: "Mwalimu Nabintu, limegoma."
Halikugoma. Lilikuwa limewaka,
limenyamaza kama mwenye pesa zake.

Nikashuka nalo hadi Nyawera, injini imelala,
mteremko ukinilipa,
mistari ya kijani ikipanda kwenye kioo cha mbele, mmoja mmoja.
Bukavu ni kupanda na kushuka:
ninachokopa kwenda juu
breki zinanirudishia nusu.
Nusu si haba. Mimi nafundisha hesabu,
nilipiga hesabu.

Usukani uko kulia, mji unaendesha kulia,
na maonyo yote yameandikwa Kijapani.
Miaka minne halikunidai ila oili.

Cirhuza alinionya: uza kabla ya mwaka wa tano.
Lake lilimfia katikati ya daraja la Ruzizi,
afisa wa forodha huku, afisa wa forodha kule,
kila mmoja anasema: liko kwa mwenzangu.
Padri Mushagalusa amefikisha kilomita laki tatu na ushee,
anasema siri ni rozari.
Mpwa wake alininong'oneza: siri ni kubadili maji ya kupoza.
Kila mwenye nalo ana dini yake.

Kisha, Jumatano moja, mvua, kilima cha kwenda Panzi,
pembetatu nyekundu,
ndani yake alama ya mshangao,
kana kwamba gari lenyewe limeshangaa.

Fundi Birindwa hana haraka.
Alivua saa. Alivua pete ya ndoa.
Akavaa glavu za mpira hadi kwenye viwiko,
maana nyaya za rangi ya chungwa hazisamehe.
Akainua kiti cha nyuma kama anayemgeuza mgonjwa.
Seli ishirini na nane, zimelala ubavu kwa ubavu.
Yeye anapima, mimi naandika kwenye daftari la darasa la tano:
saba nukta tisa,
saba nukta tisa,
saba nukta nane,
tukaendelea hivyo hadi nikakaribia kusinzia,
na ya kumi na tisa:
sita nukta moja.
Akapima tena. Sita nukta moja.

"Joto," akasema.
"Nani alikuwa akikaa huku nyuma, kulia?"

Swali gani hilo la fundi.
Nikasema: mama yangu.
Jumanne na Ijumaa, miezi kumi na minne, hospitali na kurudi.
Alikaa hapo ili anyooshe mguu juu ya kiti,
ule usiokunjika.

Kando ya kiti kuna tundu lenye wavu,
gari linapumulia hapo.
"Linanivuta," alikuwa akilalamika, "gari lako lina kiu ya nguo zangu,"
akaliziba kwa shali yake ya manjano
na kuegemea.
Nilimwacha. Nilidhani ni uzee.

Birindwa alifungua feni.
Humo: vumbi jekundu, maganda ya karanga,
na uzi wa manjano
umejizungusha kwenye mhimili, mara mia, mara mia mbili,
umekazwa vizuri kuliko kazi ya mashine.
Aliukata taratibu kwa wembe.
Hakuutupa. Aliuweka juu ya kitambaa safi,
mbali na boliti.

Seli mbili tulizipata kwa gari lililopinduka
barabara ya Kavumu. Dola themanini, pamoja na kazi.
"Ngeni na wenyeji hazizoeani upesi," alisema.
"Mwaka. Pengine miwili.
Na usafishe feni kila muhula unapoanza."

Watu wananiuliza: linaaminika?
Nawatajia bei ya seli. Nawaambia wasizibe tundu.
Wakiuliza tundu gani, nawaonyesha kwa kidole,
kutoka nje, dirishani.

Jana jioni nilishuka Nguba, kiti cha nyuma kitupu,
mstari mmoja wa kijani, wa pili, wa tatu,
na nyuma ya bega langu feni ikaanza kuvuta hewa,
kwa sauti ndogo.
Nikazima redio.