Sleji ya Vardges

Hii ni baridi ya tatu tangu ardhi ya Gyumri ijitikise.
Nyumba yangu ni kontena la bati lililoletwa na treni,
bado lina maandishi ubavuni: *Shika kwa uangalifu.*
Hucheka kila ninapoyasoma.
Umeme tunaupata saa moja kwa siku, nao hauagi ukiondoka.
Asubuhi maji ya ndoo ni jiwe; nayagonga kwa mchi
kama mdai aliyechoka kubisha hodi.

Jioni ndipo inapokuja hesabu ngumu: leo tuchome nini?
Rafu ya vitabu iliondoka Novemba.
Desemba viti, kimoja kimoja, hata nikabaki na kigoda.
Kabati la mama mkwe liliwaka likinuka dawa ya nondo.
Mlango wa choo pia. Msiniulize.

Kimoja tu sikukigusa: sleji ya Vardges,
mbao za mti wa aprikoti, vyuma viwili chini,
mbele kamba nyekundu yenye fundo alilolifunga mwenyewe,
fundo baya, la mtoto wa miaka minane.
Shule ilimwangukia katikati ya somo la hesabu.
Baba yake, Mkrtich, alichimba siku mbili kwa kucha,
mwaka uliofuata moyo wake ukasimama.
Daktari aliandika neno refu.
Mimi ningeandika: simanzi.

Jumapili huenda kanisani. Kuba limelala uani
kama bakuli lililomponyoka mtu,
nasi tunasali chini ya turubai.
Padri Mkhitar hahubiri sana, meno yake yanagongana.
Husema tu, "Yupo,"
kisha hutugawia mkate mgumu kama kokoto.
Siku moja nilimuuliza: yupo wapi?
Akavipuliza vidole vyake.
"Hapa," akasema, "naye anasikia baridi."
Nilimkasirikia wiki nzima.

Halafu usiku ule wa Februari
Zaruhi wa kontena la tisa akagonga,
kifuani mtoto wa siku kumi na mbili, midomo ya zambarau.
Kwangu palikuwa na majivu, na kigoda.
Kigoda hakikufika usiku wa manane.
Mtoto akanyamaza,
na mimi kimya cha namna ile nakijua.

Nikaitazama sleji.
Sikusali vizuri. Nilisema tu, "Ee Bwana, hata hii?"
Nikachukua shoka.

Fundo sikulikata. Nililifungua kwa meno, polepole,
kamba nikaivaa mkononi.
Mti wa aprikoti huwaka bila haraka, kwa adabu,
ukitoa harufu ya Julai.
Bati likaanza kutoka jasho.
Majirani wakalisikia joto kama watu wasikiavyo habari,
wakaja na mablanketi yao:
watu kumi na mmoja, na kitunguu kimoja cha mzee Hamazasp.
Mtoto akalia. Kilio kinono, cha kudai haki yake.
Nami nikacheka.
Nililia pia, lakini kicheko ndicho kilichotangulia.

Si raha hii. Raha naijua:
ilikuwa na bomba la maji moto na mume akoromaye.
Iliondoka kwa nusu dakika
na haikurudi hata kuchukua viatu.
Hii ni nyingine. Iliniingia mikono yangu ikiwa mitupu,
ikaketi sakafuni maana viti havikuwepo,
na alfajiri, jiko limezimika, theluji imeziba mlango,
niliikuta bado imeketi.

Zaruhi alitaka kumwita mwanawe Vardges.
Nilikataa. Na apate jina lake.

Jumapili, chini ya turubai, padri akasema, "Yupo."
Nikamjibu kabla sijajizuia, watu wakageuka:
"Najua, Padri. Juzi usiku aliota moto kwangu."