Mashine Yangu Haina Kitufe cha Kimya

Nina vitufe ishirini na viwili.
Navibonyeza kama mpiga kinanda, maneno mia mbili na ushee kwa dakika,
na hakuna anayenitazama. Ndiyo kazi.
Ghorofa ya nne, Youngstown, Ohio, Jumanne ya Februari,
theluji ya viatuni imechora ramani chafu chini ya mabenchi.

Karani anasoma: Jimbo la Ohio dhidi ya Lamont Pettiford.
Jimbo zima. Watu milioni kumi na moja na zaidi,
na mito yao, na mashamba yao ya soya, mimi nikiwemo,
dhidi ya kijana mmoja wa kandambili za jela.

Siku sabini na moja amelala ndani.
Dhamana ni dola elfu tano. Angekuwa nazo
asingeng'oa mabomba.

Wakili aliyepewa na kaunti, Bi Kuchta,
anakokota mafaili kwa kitoroli cha kubebea mboga, gurudumu moja linalia.
Wameonana leo, koridoni, dakika kumi na moja, kando ya mashine ya soda.
Halvorsen wa mashtaka alipita, hakusimama:
mwaka mmoja na nusu akikiri leo.
Akitaka kesi, tunaomba minane.
Ofa huchacha saa sita mchana.

Watoto shuleni hufundishwa habari za watu kumi na wawili
wanaofungiwa chumbani hadi wawe na neno moja.
Chumba kipo, mlango wa kushoto.
Nilikifungua wiki iliyopita nikitafuta karatasi:
viti kumi na viwili, juu yake makasha ya mapambo ya Krismasi,
na kwenye kiti cha mwenyekiti
mti wa plastiki, umefungwa kama mwavuli.

Jaji DeLallo si mtu mbaya. Hilo halimo kwenye rekodi, nalisema mimi.
Maswali yake ni yale yale tangu nianze kazi hapa,
kwa sauti ile ile, hata vidole vyangu humtangulia:

   Je, haki umeelezwa,
   wala hukushurutizwa,
   kwa ahadi kupumbazwa,
   ukubali kwa hiari?

Hapana, anasema Lamont. Hakuna aliyeniahidi kitu.
Ofa ipo mezani, imekunjwa mara mbili. Sote tunaiona.
Naandika: Hapana.

   Unayo haki ya kesi,
   na mashahidi halisi
   uwahoji bila wasi;
   unaiacha? Tayari?

Ndiyo, mheshimiwa.

   Uliingia nyumbani
   pasipo pako, gizani,
   ukang'oa ukutani
   shaba? Jibu kwa dhahiri.

Hapo anakwama.

Bi Kuchta anamgusa kiwiko. Saa sita kasoro dakika tisa.
Halvorsen anabofya kalamu, anaibofya tena.
Ilikuwa ya bibi, anasema Lamont.
Benki waliichukua akiwa hospitalini.
Yale mabomba babu aliyafunga kwa mkono wake.
Mimi ndiye niliyemshikia tochi.

Jaji anavua miwani, anaifuta kwa joho.
Swali, Bwana Pettiford, ni nyumba ilikuwa ya nani
tarehe kumi na tatu Disemba.

Mashine yangu ina njia ya kuandika kila sauti
itokayo kinywani mwa binadamu, hata kikohozi, hata kwikwi.
Haina ya hiki kilichofuata.
Vidole vyangu vilibaki hewani, kama vya mtu
aliyebisha hodi akasahau ni kwa nani.

Ukiisoma nakala, ukurasa wa tisa,
mstari wa kumi na nne ni swali, wa kumi na tano ni jibu:
Ya benki.
Imebanana, hata wembe haupiti.
Hutajua kwamba katikati yake
bomba la kupasha joto liligonga mara sita ndani ya ukuta,
na kijana akageuza kichwa, akatega sikio,
akalisikiliza
kama fundi.