Sahihi ya Hamsini na Moja

Wifi yangu Tulasha alianza kwa kusema maneno ya wengine.
Kliniki ya Akron, chumba cha tatu,
daktari akiongea na ukuta, mzee akiongea na viatu vyake,
naye katikati, mkalimani wa kulipwa kwa saa,
akiivusha kansa kutoka lugha hii hadi ile
kama aliyebeba chungu cha maji ya moto:
asimwage, asikimbie, asikitue njiani.

Kisha ikaja barua ya basi.
Njia namba saba itafutwa mwezi wa Machi.
Namba saba ndiyo iliyowapeleka wanawake wetu kiwandani,
zamu ya saa kumi alfajiri, kufunga kuku kwenye plastiki.
Akaenda mkutanoni kumkalimania Bhim Bahadur.
Bhim Bahadur akashikwa na kikohozi, akaketi.
Kimya. Maikrofoni inawaka.
"Nilitafuta maneno ya kutafsiri," aliniambia,
"nikakuta yaliyobaki ni yangu."

Basi lilibaki. Safari za Jumapili zilikatwa.
Nalisema hili kwa kuwa watu hupenda kusimulia ushindi mzima.

Mwaka uliofuata tuliendesha gari saa mbili hadi Columbus,
kwa muswada wa wakalimani wa mahakamani.
Walimpa dakika tatu.
Mheshimiwa mmoja alikuwa akimenya chungwa,
taratibu, ganda lisikatike,
na bunge zima likanukia chungwa.
Njiani tukirudi, kwenye kituo cha mafuta, akasema:
"Umekiona kiti chake? Gurudumu moja bovu, kinayumba.
Kumbe mtu hukaa tu."

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe.
Jembe sisi tulipewa siku ile ile ya kwanza,
masikio bado yameziba kwa ndege.
Tumelima. Tunalima.
Tunachongoja ni siku ya kuulizwa
shamba lipandwe nini.

Mama yangu, mkwe wake, hakutaka kusikia.
"Huko tulikotoka," alisema, "walipita na karatasi
nyumba kwa nyumba, wakaandika majina,
na aliyeandikwa alihama usiku.
Miaka kumi na minane kambini nikawa namba ya kibanda.
Leo wewe unabisha hodi kwa watu
uwaombe wajiandike?"
Tulasha hakujibu. Alifunga kamba za viatu.

Sheria ilitaka sahihi hamsini.
Tulikuwa na arobaini na tisa, na theluji ya magotini.
Mimi nilishika tochi.
Mlango wa mwisho: Emil Hrabovsky,
miaka thelathini na sita kwenye kiwanda cha matairi,
kiwanda ambacho sasa ni uwanja wa kuegeshea magari.
Hakuuliza tumetoka wapi. Aliuliza,
"Mabomba yangu ya risasi, utayafanyaje?"
"Sijui bado," alisema Tulasha. "Nionyeshe."

Tukashuka chini ya nyumba, sisi watatu,
tukainama kwenye bomba kama wanaomtazama mgonjwa.
Akatia sahihi juu ya mashine ya kufulia.
Babu yake, alisema, alifika mji huu akisaini kwa msalaba;
karani akampa jina lililomkaa vibaya,
kama koti la mtu mwingine, mpaka kufa.

Nyumbani, saa tano usiku, Mama bado macho.
Alihesabu mistari kwa kidole, mara mbili.
"Hamsini tu?"
"Ndiyo wanazotaka, Mama."
"Kambini walituhesabu pungufu kila mara.
Mchele pungufu, mafuta pungufu, watoto pungufu.
Ongeza."
Akavaa miwani. Akaomba kalamu, akaikataa,
akaomba nyingine yenye wino mzito.
Kwa herufi za darasa la jioni,
kila moja ikisimama peke yake, haijazoeana na jirani,
akaandika Dhan Maya,
akapuliza wino ukauke,
na karatasi hakuiachia.