Bitiruti Katikati ya Sinia

Miaka kumi na mmoja nilipiga mhuri wa zambarau
kwenye mapaja ya ng'ombe, machinjioni Kizota,
nikiandika daftarini: safi, safi, ini lina minyoo, safi.
Sikutoka pale kwa hasira. Sikuota ndoto.
Siku moja tu nilifika nyumbani, nikaona sahani,
nikaitambua.

Tangu hapo baba hanielewi.
"Sisi," anasema, "hatukula kwa kukosa.
Mlenda asubuhi, mlenda jioni,
na mwaka ule wa vumbi tulichemsha ngozi ya kulalia.
Wewe huli kwa kupata.
Hiyo nayo ni njaa gani?"
Sina jibu. Namwongezea mlenda.

Ila mwezi ukikaribia kujaa, mtama ukiinama Hombolo
na watoto wakipiga madebe kufukuza kwelea,
ugomvi huanza upya.
Sisi ni wale wachache tunaoishika Pasaka usiku wa kumi na nne,
tusiokwenda na kalenda ya ukutani.
Chachu yote itoke nje: hamira, masalia ya maandazi,
hata chungu cha shangazi Mbeleje
kinachochemka bila moto pembeni ya ghala,
anachoapa kila mwaka kuwa ni uji.
Hayo tunakubaliana.
Tunagombana juu ya mwanakondoo.

"Pasaka bila nyama," kaka yangu Lechipya hutangaza,
"ni mahari bila ng'ombe."
Watu hucheka. Nami hucheka. Ni tamu, ni ya kwetu.

Lakini mimi husoma habari ile polepole, kama mkaguzi.
Siku ya kumi wanamchukua.
Siku ya kumi na nne wanamchinja.
Kati yake siku nne
ambazo hakuna anayezihubiri.
Alilala wapi? Nani alimpa maji?
Mtoto gani wa nyumba ile alimpa jina
akaambiwa asimpe?
Sisemi Mungu alikosea.
Mimi ni kifungua mimba wa mama yangu, nalijua deni langu.
Naulizia siku nne tu.

Basi mwaka huu sinia ni langu.
Mchunga, mchungu hadi shangazi akafumba jicho moja.
Chapati kavu ya uwele, imepasuka kama udongo wa Oktoba.
Karanga zilizotwangwa na zabibu za Makutupora:
hilo ndilo tope la matofali.
Maji ya chumvi kwenye kikombe cha bati.
Na katikati, palipopaswa kulala mfupa wa muundi,
bitiruti moja iliyookwa majivuni,
nyeusi, mbaya kama ngumi.

Baba akaitazama muda mrefu.
Akachukua kisu.
Ilipokatwa ilivuja, ikavuja, ikapita ukingo wa sinia,
ikalowesha kitambaa,
na meza nzima ikanyamaza,
hata Lechipya.
"Kumbe hii nayo," baba akasema, "ina damu."
Akala kipande.
Akaomba chumvi.

Nisidanganye: jirani alikuwa akichoma mbavu.
Upepo ulipogeuka mate yakanijaa,
nikayameza pamoja na mchunga.
Mwili una daftari lake.

Nyemo, miaka saba, ndiye wa kuuliza maswali usiku huo.
Tukamngoja. Kiti kitupu.
Alikuwa nje, mbalamwezi kweupe,
na bakuli la maji ya bitiruti,
akipaka miimo, si ya mlango wetu,
ya zizi la mbuzi:
kushoto, kulia,
na juu, amesimama kwenye ndoo aliyoipindua.
Tukarudi ndani, tukamwacha amalize.

Asubuhi nikaenda kutazama.
Mbuzi walikuwa wameilamba yote.